Hali ya Namba Kumi na Mbili

Asubuhi hiyo Dada Fundi alikuwa anafumua.

Kufumua si kazi ngeni kwake. Nusu ya ushonaji ni kufumua: suruali ya mtu aliyenenepa, gauni la harusi iliyoahirishwa, sketi ya shule inayoteremshwa pindo kila mwaka mpaka kitambaa kinaisha na mtoto bado anarefuka. Ana nusu wembe, kaufunga kitambaa upande mmoja, na mkono wake ukishaushika hauulizi njia. Lakini leo kilicholala mezani hakikuwa nguo. Kilikuwa kitabu cha katuni, cha zamani, kurasa zake zimeshakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Alikuwa amekifungua ukurasa wa mwisho, na kwenye ukurasa huo palikuwa na kiraka cheupe cha kitambaa, ukubwa wa kiberiti, kimeshonwa kwa uzi mwekundu.

Mishono kumi na tisa. Miwili alikuwa ameshaikata.

"Kata tu," alijiambia. "Uzi ni uzi."

Mkono ukagoma. Ulibaki pale juu ya mshono wa tatu, na mwanga wa dirishani ukapita kwenye karatasi, na vumbi la vitambaa likawa linaelea taratibu kama vile chumba kizima kiko chini ya maji. Mteja alisema atafika saa nane. Saa nne ilikuwa imeshapita.

Mchwa ndio walioanzisha yote haya.

Kaka yake alipoondoka, miaka kumi na saba iliyopita, aliacha sanduku la mbao chini ya kitanda. Ndani yake kulikuwa na matoleo yote arobaini ya Bwana Karatasi. Huyu Bwana Karatasi alikuwa mtu mwembamba kama jina lake, aliyekuwa akisafiri kwa kujikunja, kuingia kwenye bahasha na kujituma mwenyewe kwa posta. Kila toleo anafunguliwa mji mwingine. Mara mji ambao watu wote wamelala, mara mji ambao ngazi zinapanda tu hazishuki. Anaogopa mvua na upepo, lakini haachi kusafiri.

"Nakwenda miezi sita," kaka alisema siku ile, begi begani. "Katuni zangu asiguse mtu." Kisha akamtafuta mdogo wake kwa macho ili amuage. Mdogo mtu, huyuhuyu Dada Fundi, alikuwa amejifungia chumbani, amenuna. Alikuwa na miaka kumi na tano, na aliona kwamba asipotoka kuaga, basi kaka hataondoka. Kaka aligonga mara mbili, akangoja, akaenda.

Miezi sita ikawa mwaka. Barua zikaja, zikapungua, zikakoma. Namba ya simu waliyokuwa nayo ikawa ya mama mmoja mkali asiyependa kupigiwa. Mama yao alikuwa akifagia chumba kila wiki, anafagia mpaka chini ya kitanda, lakini sanduku anazunguka. "Mwenyewe atakuja kulitoa," alikuwa akisema. Mpaka anafariki, hakuligusa.

Halafu juzijuzi Dada Fundi alivuta sanduku ili apitishe ufagio, na kona moja ikabaki sakafuni.

"Wamekula mbao, kesho watakula karatasi," alisema Fundi Simu, jirani yake. Huyu ana kibanda cha kutengeneza simu, ukuta kwa ukuta na chumba cha kushonea, na anaongea na simu mbovu kama daktari wa watoto: pole mwanangu, nani kakuangusha, fungua mdomo tuone. "Shoga, uza. Kuna watu huko mtandaoni wanavitafuta hivi kama dawa. Nakutengenezea tovuti yako mwenyewe. Jina tu. Tuiite Katuni Bora Kimataifa."

"Hapana."

"Katuni Bora, basi, kimataifa tuwaachie wenyewe."

"Sanduku la Kaka," alisema Dada Fundi, akashangaa limetoka wapi upesi hivyo.

Fundi Simu alimtazama. Akaandika: Sanduku la Kaka.

Kwa siku tatu walipiga picha za majalada juu ya meza ya kukatia, kitambaa cheupe kimetandazwa chini. Fundi Simu akatengeneza fomu yenye visanduku vinne: Jina, Namba, Mwaka, Hali. "Wewe jaza tu," alisema, akarudi kwa wagonjwa wake. Kesho yake alifungua tovuti asome, akaanza kupiga kelele mpaka mtu aliyepita barabarani akachungulia.

"'Namba tatu. Hali: hajambo, ila mgongo unamsumbua.' Shoga! 'Namba saba. Hali: mzima, anasalimia.' Ngoja, ngoja. 'Namba ishirini na nne. Hali: anaendelea vizuri. Panya alimla kona moja lakini hana kinyongo.' Wewe mwanamke! Hali maana yake kimechanika au hakijachanika! Siyo umekwenda kuwaona hospitali!"

"Sasa si umeniuliza hali? Nimekujibu hali."

"Nibadilishe?"

"Badilisha."

Hakubadilisha, maana kabla hajapata nafasi watu walikuwa wameanza kuja. Kila aliyeingia tovuti ilimwita Mgeni, bila jina. Mgeni mmoja aliandika: Mpeni pole huyo wa panya. Mwingine: Namba saba, nasi tunamsalimia. Hawakununua kitu. Walikuwa wanapita tu, kama watu wanaoegemea dirisha la nyumba wanayoijua. Dada Fundi akawa anashona huku simu iko wazi pembeni, na kila Mgeni alipopita moyo wake ulikuwa unainuka kidogo, kama kitambaa kinapoinuliwa na sindano, kisha unarudi chini. Hakumwambia Fundi Simu anamngoja nani. Fundi Simu hakuuliza.

Hali ya namba kumi na mbili aliiandika mwisho kabisa: Alipata ajali utotoni. Alishonwa kiunoni kwa uzi mwekundu. Anatembea.

Picha yake aliweka jalada tu. Ukurasa wa ndani aliuonea haya, kama fundi yeyote anavyoionea haya kazi yake ya kwanza.

Maana ilikuwa kazi yake ya kwanza. Alikuwa na miaka saba. Kwenye picha ya mwisho ya toleo lile, Bwana Karatasi anatoka kwenye bahasha, anapiga hatua ya kwanza kuingia mji mpya, halafu Itaendelea. Yeye na kaka waligombania nani atazame kwanza, ukurasa ukapasuka, na kipande cha chini kikatoka chenyewe, kikachukuliwa na upepo mlangoni. Walikikimbiza mpaka kwenye mtaro. Maji yalikuwa yameshakibeba. Bwana Karatasi akabaki kiuno kwenda juu.

Kaka alikaa ngazini, hasemi. Mtoto wa miaka saba hawezi kuuvumilia ukimya wa namna ile. Akaingia ndani, akachukua kipande cha bitana, akakaa kwenye cherehani ya mama miguu haifiki vizuri kwenye pedali, akashona. Uzi uliokuwa umetungwa ulikuwa mwekundu, akashona kwa huohuo. Kisha akachukua kalamu akachora miguu. Kwa sababu alikuwa na haraka na kwa sababu alikuwa na miaka saba, aliichora inaelekea upande wa pili. Kichwa kinatazama kulia, viatu vinatazama kushoto.

Kaka alikitazama kiraka kile muda mrefu. Halafu akacheka mpaka akalala sakafuni.

"Huyu sasa kazi anayo," alisema. "Kichwa kinasafiri, miguu inarudi nyumbani."

Mkusanyaji, ndiye huyo mteja wa saa nane, alipiga simu juzi. Sauti ya taratibu, ya mtu asiyependa karatasi zisikie kelele. Aliuliza huo uzi mwekundu unashikilia nini, akaambiwa kiraka. "Dada yangu, nachukua zote arobaini. Seti kamili siku hizi haipatikani. Nina kabati lake, kavu, halipati jua. Ila hiyo namba kumi na mbili, huo uzi na hicho kiraka utoe kabla sijaja. Mimi nataka kilichochapwa. Ukurasa uliopasuka nauheshimu. Kiraka hapana."

Kabati kavu. Hapana mchwa, hapana jua. Dada Fundi alikubali. Alikubali kwa mdomo, na mdomo hauna kazi ngumu.

Sasa wembe uko juu ya mshono wa tatu, na simu ikatetemeka chini ya marundo ya vitambaa.

Aliitafuta, akaikuta kwenye mkono wa shati la mtu. Ulikuwa ujumbe wa tovuti, umeandikwa chini ya namba kumi na mbili.

Mgeni: Samahani. Na ile miguu, bado inarudi nyumbani?

Aliweka wembe mezani. Aliuweka polepole, makali upande wa ukutani, kama mama alivyomfundisha. Kisha akaita. Hakuita jina la mtu, aligonga ukuta tu kwa ngumi, na Fundi Simu akaja mbio na bisibisi mkononi.

"Nini? Umejichoma?"

"Soma."

Akasoma. "Miguu gani? Mbona sielewi."

Dada Fundi akamgeuzia kitabu. Fundi Simu akatazama kichwa, akatazama viatu, akatazama simu. "Lakini picha uliyoweka ni jalada tu."

"Ndiyo."

"Sasa huyu miguu kaiona wapi?"

Fundi Simu akavuta kigoda, akakaa, na bisibisi ikalala mapajani kama imechoka. "Namba yake siioni, shoga. Tovuti inasema Mgeni tu. Lakini ukijibu hapahapa itamfikia. Akifungua tena."

"Asipofungua?"

"Basi itakaa pale. Haiozi."

Walikuwa bado wamekaa hivyo Mkusanyaji alipopiga hodi, dakika tano kabla ya saa nane. Alikuwa mzee msafi, viatu vyake havina vumbi, na mfukoni alitoa glavu nyeupe akazivaa kidole kwa kidole. Alifungua namba moja kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mtoto aliyelala. Hakika alikuwa anavipenda. Hilo ndilo lililofanya jambo liwe gumu.

Alipofika namba kumi na mbili akasimama. "Uzi bado upo."

"Upo."

"Nikungoje umalize?"

"Hiki hakiuzwi, mzee wangu. Nisamehe. Chukua vingine vyote."

Alimtazama, kisha akatazama kiraka. Akainama karibu, glavu zake hazikugusa. "Dada yangu, bila kumi na mbili hiyo si seti. Ni vitabu thelathini na tisa. Nyumbani ninavyo thelathini na tisa mara mbili." Akangoja kidogo. "Hutapata kabati kama langu."

"Najua."

"Na hao mchwa?"

"Tutapambana nao."

Akavua glavu kidole kwa kidole. Mlangoni aligeuka. "Aliyechora hiyo miguu alikuwa na miaka mingapi?"

"Saba."

"Basi," alisema, kama mtu aliyekubali bei, akaenda zake.

"Umelifukuza kabati zima," alinong'ona Fundi Simu.

"Nenda kaniletee makopo manne."

Makopo yakaja. Wakayatia mafuta ya taa, wakayaweka chini ya miguu ya meza, wakapanga vitabu vyote juu, mbali na sakafu. Halafu Fundi Simu akarudi kwenye kibanda chake bila mzaha wowote, na kupitia ukuta akasikika akimwambia mteja asubiri, fundi anavuta pumzi kwanza.

Dada Fundi alitunga sindano. Uzi mwekundu. Akarudisha mishono miwili aliyoikata, kwa mkono, akipita kwenye matundu yaleyale aliyotoboa akiwa na miaka saba. Yalikuwa yamemngoja wazi.

Kisha akachukua simu.

Aliandika: Ni wewe? Akafuta. Mtu haulizwi hivyo baada ya miaka kumi na saba.

Akaandika: Mama alikuwa akifagia analizunguka sanduku. Akakaa na hayo muda mrefu. Akafuta. Hilo ni la kumwambia mtu akiwa ameketi mbele yako.

Akaandika: Njoo utoe vitu vyako, mchwa wameingia. Akacheka peke yake, akafuta hayo pia.

Akaandika: Ile siku nilikuwa nyuma ya mlango. Nilikusikia ulivyogonga.

Kidole kilikaa juu ya hayo mpaka kioo cha simu kikafifia. Akakigusa kikawaka. Akafuta herufi moja moja, akaanza upya, na mwishowe alituma maneno machache, yale yanayosemwa na kila mtu kwa kila mtu:

Bado inarudi. Hali yako?

Chini yake pakatokea neno moja dogo: Umetumwa.

Aliiweka simu kifudifudi. Akaigeuza tena. Akavuta sketi ya shule iliyokuwa inangoja kushushwa pindo, akakaa kwenye cherehani, akaanza kukanyaga pedali polepole kuliko kawaida, sauti isije ikafunika mtetemo. Jua lilikuwa limehamia upande wa mlango. Upepo ukaingia, ukazifunua kurasa za namba kumi na mbili moja baada ya nyingine mpaka ya mwisho, na pale zikatulia. Kichwa cha Bwana Karatasi kilikuwa kinatazama dirishani. Viatu vyake vilikuwa vinatazama mlangoni, na mlango alikuwa ameuacha wazi.