Goti Lina Bajeti

“Leo mguu gani?” aliuliza Mama Bandeji bila kuinua macho, na Kiberiti akamnyooshea wa kushoto.

Chumba cha kukandia kilikuwa chini ya jukwaa la uwanja wa chuo. Dari lilifuata mteremko wa viti vya juu, hivyo wanariadha warefu walijifunza kuinama humo kabla ya kujifunza kukimbia. Kilinuka dawa ya misuli na soksi mbichi. Mama Bandeji, mwanamke mnene mwenye vidole vya nguvu, alikuwa amefunga magoti mengi mazima kuliko mabovu, na hakuwahi kumtaja mtu. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya pale, ingawa hakuna aliyeifundisha kwa mdomo. Mwili ukiuma, unapewa barafu, kitanda na pole. Kikiuma kitu kingine, unaitwa mvivu. Basi mwanariadha aliyezidiwa kwa ndani huchagua mguu.

Kiberiti alikimbia mita mia nane, na jina hilo alipewa kwa jinsi alivyolipuka bastola ya kuanzia ilipolia. Sasa bastola hiyo ndiyo iliyokuwa ikimla. Tangu mashindano yaliyopita, alipotoka kwenye mstari mbele ya watu akaenda kutapika nyuma ya vyoo, usingizi ulimhama. Mlango ukibamizwa bwenini alijikuta amesimama, moyo unagonga mbavu. Vidole vyake havikutulia. Vilichuna kucha, vikimaliza kucha vilichuna godoro. Hata maharage yalimshinda, na mpishi alikuwa ameyapunguza tena kwa sababu ya bei.

Alasiri ya siku hiyo wafadhili walikuwa wanakuja. Hao ndio waliolipa ada ya wanariadha, na walitaka kukaa jukwaani waone pesa yao ikikimbia.

Alipotoka mle chumbani hakuweza kusimama mahali pamoja. Alizunguka uwanja, akarudi, akazunguka tena, kichwa kikiwa mbali kabisa. Mrefu, mruka viunzi aliyelala naye chumba kimoja, alimtazama kwa muda kisha akamsogelea akicheka.

“We Kiberiti, ugonjwa umehama nyumba?”

Kiberiti akajitazama. Bandeji ilikuwa mguu wa kushoto, naye alikuwa akichechemea wa kulia. Akabadilisha haraka, lakini kocha alikuwa ameshaona.

Kocha alimwinamia, akayatazama magoti yote mawili, akatangaza kwamba maumivu yamevuka. Jambo la kawaida, alisema, mtu akiuegemea mno mguu mzima nao huchoka. Mchana angekuja daktari wa kukodi, amchome sindano ya kuua maumivu kwenye goti hili na lile, na alasiri kijana angekimbia kama kawaida. Mrefu alicheka mpaka alipogundua kwamba hakuna aliyefanya mzaha.

Mama yake Kiberiti alipiga simu wakati huo huo. Aliwapigia watu pasi nyumbani kwake, na kila mteja aliyeleta shati aliambiwa kwamba mwanawe anasomeshwa na miguu yake mwenyewe. Aliuliza habari za goti kabla ya habari za mwenye goti. Kiberiti akamwambia linaendelea vizuri. Mama akashukuru, akasema makaa ya pasi yamepanda bei tena lakini hilo lisimsumbue, yeye akimbie tu. Alipokata simu, Kiberiti alibaki ameishika sikioni.

Sindano mbili kwenye magoti mazima. Akinyamaza, anachomwa na kusukumwa kwenye mstari ule ule. Akisema, ufadhili unakwenda, na masomo nyuma yake. Alikwenda hadi jengo la utawala karibu akikimbia, akisahau kuchechemea mguu wowote.

Kwenye mlango wa mshauri nasaha kulikuwa na vibao viwili. Cha juu kilisema Ushauri Nasaha, cha chini Katibu wa Kamati ya Nidhamu. Mtu alikuwa ni yule yule. Anayekusikiliza Jumatatu ndiye anayekuandikia onyo Jumanne, na ndiyo maana hakuna mwanariadha aliyekuwa amegonga pale kwa hiari. Kwenye benchi la nje walikaa wanafunzi waliokamatwa wakipika vyumbani.

“Umekuja kwa kesi au kwa ushauri?” aliuliza karani.

“Ushauri.”

“Foleni ni hiyo hiyo. Tatizo lenyewe nini?”

Benchi zima likanyamaza kumsikiliza. Kiberiti akafungua mdomo. Maneno alikuwa nayo, alikuwa ameyapanga njiani moja baada ya jingine, lakini lililotoka ni lile ulimi ulilolizoea.

“Goti.”

“Goti peleka uwanjani,” alisema karani, akamwita mwingine.

Mchana alirudi chumba cha kukandia. Daktari alikuwa kijana mwenye haraka, aliyekuja na mkoba na kuuliza gari litamrudisha saa ngapi. Alibonyeza hapa, akauliza kama panauma. Kiberiti akakubali. Akabonyeza pale, Kiberiti akakubali tena. Mwishowe alibonyeza juu ya muundi, mbali na goti, na Kiberiti akasema hapo ndipo hasa. Daktari akamtazama kocha. Kocha akatazama dari. Daktari akashusha pumzi, akaanza kuvuta dawa kwenye bomba la sindano.

Mama Bandeji alikuwa anaisafisha ngozi kwa pamba yenye spiriti. Mkono wake ukasimama.

“Sema, mwanangu,” alimwambia polepole. “Mimi nimechoka kufunga.”

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema hivyo. Kiberiti aliinuka, akaketi juu ya meza ya kukandia.

“Magoti ni mazima,” alisema. “Yote mawili. Silali, sili, mlango ukigongwa natafuta pa kukimbilia. Kushindwa siogopi, kocha. Nikisimama pale mstarini naona kama nakufa.”

Kocha alimwomba daktari atoke nje kidogo. Kisha akavuta kigoda, akakaa chini kuliko mwanafunzi wake.

“Niachie goti, kijana,” alisema. “Goti lina bajeti. Lina daktari, lina dawa, lina wiki za kupumzika, na wafadhili wanalielewa. Hilo lako jingine nikilipeleka juu, wataniuliza kwa nini nimesajili mgonjwa wa akili. Watakukata wewe, halafu wataanza kuwachungulia wenzako.”

“Kwa hiyo ulikuwa unajua.”

“Nilijua tangu siku ile ya vyooni. Unadhani mimi sikukimbia? Nilifunga nyonga msimu mzima.”

“Ulipona vipi?”

“Nani kakwambia nilipona?”

Juu ya vichwa vyao vikasikika viti vikipangwa kwa ajili ya wageni. Kocha alisema sindano angeizuia. Angetangaza jeraha, Kiberiti apumzike leo kwa heshima, ufadhili ubaki.

“Na mashindano yajayo?”

“Tutatafuta kiungo kingine.”

Kiberiti alicheka, kicheko kikavu kilichomshtua mwenyewe. Akateremka mezani. Alisema miguu yake haina kosa, na hataki tena kuisingizia. Kocha hakupandisha sauti. Alimkumbusha tu kwamba kitanda cha bwenini ni cha timu, na anayetoka kwenye timu hulala kwao.

Kiberiti alikuwa ameshafika getini na begi lake, bado amevaa bukta ya mazoezi, kipaza sauti kilipolia uwanjani. Mtangazaji alisema kwa masikitiko kwamba tegemeo la chuo hatashiriki kutokana na jeraha la goti, ila wageni wasiwe na shaka, kwa msaada wao anapata matibabu bora kabisa. Makofi yakapigwa. Yalikuwa makofi marefu, ya huruma ya kweli, na kila kofi lilimrudisha juu ya ile meza.

Aliliacha begi kwa mlinzi, akarudi.

Aliingia kwa mlango wa wanariadha, akapita mbele ya jukwaa kwa mwendo wa kawaida, magoti wazi, hachechemei. Wakimbiaji walikuwa wamejipanga. Alipoiona bastola mkononi mwa mwanzishaji, jasho lilimtoka na mikono ikaanza kutetemeka. Aliiacha itetemeke, kila mtu aione. Makofi yaliyoanza upya walipomwona yakapungua, yakabaki ya mtu mmoja aliyekaa nyuma, kisha hayo nayo yakakoma. Mbele ya meza ya wafadhili alichuchumaa mpaka chini, akainuka. Akachuchumaa tena, akainuka.

Mfadhili mmoja, mzee mwenye miwani ya jua, alimgeukia kocha na kumwuliza kwa sauti ya chini, huyu kijana basi anaumwa wapi. Kocha aliangalia uwanja. Mkuu wa chuo akaita maji ya kunywa.

“Niulize mimi,” alisema Kiberiti.