Chuma Kisikauke

Mbonile aliwakuta wanakijiji wameshachimba hadi kiunoni. Majembe yalipanda na kushuka, na kando ya mtaro matope mekundu yalirundikana, yakichuruzika maji juani.

"Acheni! Hapo hapo!"

"Mzee Mbonile naye!" Watson, mwenyekiti wa kitongoji, aliegemea jembe. "Msaragambo watu wanakuja na jembe, wewe umekuja na mdomo."

Wakacheka. Kila mwaka kabla ya mvua watu wa Ihanda hutoka kwa kazi hii ya pamoja, kuzoa uchafu wa chemchemi. Safari hii waliona kutu inavuja kwenye mtaro ulio juu yake. Kutu ni uchafu, uchafu unazolewa, nani angejiuliza?

"Mnazoa kinga yenu wenyewe! Watson, si uliambiwa uwatangazie mtaro huu usiguswe?"

"Niliambiwa mengi, mzee."

Mengi! Ndivyo wakubwa walivyo. Ushirika ulipokufa, wakubwa waliondoka na mizani, na mabati, hata bawaba za milango ya ghala. Mapipa ya dawa ya kahawa ndiyo waliyowaachia wananchi. Yakatoboka, sumu ikateremka ardhini hadi kwenye chemchemi. Teresia, mkewe, alikunywa maji hayo miaka yote, ini likamshinda. Mbonile hakuhitaji daktari wa kumwambia kwa nini. Na mazishini hakuonekana mkubwa hata mmoja.

Mwaka jana akaja Raudha, binti wa chuo kikuu, akajaza mtaro huu punje za chuma zilizopakwa nikeli kidogo ya kukichochea. "Ukali wa hii sumu ni klorini iliyoishikilia," alimweleza. "Maji yakipita humu, chuma kinaing'oa. Ila kisikauke, mzee. Kikipigwa na hewa, kinakufa." Mbonile hakumwamini. Alilinda tu, hasa tangu Atupele, bintiye, aliposhika mimba, maana mtoni ni mbali. Juzi Raudha alipiga simu: maji yamepimwa, ni safi, Jumatatu wachote.

Sasa Mbonile aliingiza mkono kwenye lile rundo. Lilikuwa na joto, kama kitu kinachoumwa.

"Rudisheni!" Aliwageukia wenye majembe. "Jamani, rudisheni, mwagieni maji!"

Hakungoja. Alijitumbukiza mtaroni akaanza kuzoa kwa mikono. Hakuna aliyecheka tena. Andongwisye, jirani yake, ndiye aliyeanza kumsaidia, kisha wanawake na ndoo zao, mwisho Watson mwenyewe. Walipomaliza, mtaro ulijaa tena, lakini nani angejua ndani mna nini?

Mbonile alipiga simu, vidole vikiteleza matope.

"Kilikaa nje muda gani, mzee?"

"Sijui, mama. Nilichelewa."

"Basi hata mimi sijui. Mpaka nije kupima upya."

"Unakuja lini?"

"Mpaka wakubwa wa chuo waniruhusu kuchukua gari."

Wao tena. Mbonile alitukana, simu ikiwa imeshakatika.

Alipoinua macho, Atupele alikuwa ameteremka taratibu, mkono mmoja kiunoni, mwingine na ndoo tupu. Midomo ilikuwa imemkauka. Upande wa chini wa mtaro, bomba la chemchemi lilikohoa, likatema wekundu kidogo, kisha maji yakatoka maangavu kabisa, kama maji yoyote.

"Baba, si yametakata? Nikinge kidogo tu, ninywe."

Mbonile alipiga magoti akaziba mdomo wa bomba kwa kiganja. Maji yalikuwa ya baridi. Yalisukuma, yakapenya katikati ya vidole vyake, yakaendelea kushuka.