Kibao cha Akimana

Mimi Winifrida nina mdomo, Kitahana nzima inajua. Basi leo acheni nishukuru kwa mdomo huuhuu.

Sisi wakimbizi wa Burundi tulipopata uraia wa Tanzania, niliapa kwamba binti yangu Akimana hataitwa mkimbizi. Nikachonga kibao, nikakitia kamba. Akitamka Kirundi nyumbani, anakivaa shingoni mpaka jioni. Mama yangu, Mpawenimana, alinuna, akaacha kabisa kuongea na mjukuu wake. Mimi nikajiona mshindi. Ujinga mzigo, jamani!

Siku moja Daktari Ildefonce, Muha wa Kasulu, alikuja kumpima mama presha. Akamkuta Akimana na kibao.

"Mama Akimana," akaniambia, "mimi nilisomea Urusi, Khabarovsk, kando ya mto Amur. Nilipanga kwa bibi mmoja Mnanai. Watu wake ni kabila dogo la huko, wavuvi. Zamani walishona hata nguo kwa ngozi za samaki. Shuleni walimcheka kwa lugha yake, basi wanawe akawalea kwa Kirusi kitupu. Uzeeni akakosa wa kuongea naye. Alikuwa ananisimulia mimi nisiyeelewa kitu, ili tu Kinanai kimtoke mdomoni. Nilishika neno moja: banikha. Yaani asante."

"Ya Warusi yanatuhusu nini?" nikafoka.

"Si Warusi, mama." Akachukua mkoba wake, akaenda.

Maneno yale yalinikwama kooni kama mwiba wa samaki mgebuka. Kesho yake kibao kikaivisha maharage, na Akimana nikamwambia, "Nenda kwa bibi yako, ongeeni mtakavyo." Walianza na salamu. Baada ya mwaka walikuwa wananisengenya mbele yangu, wakicheka.

Msimu huu wa palizi mama alipooza. Kiswahili chote kikamtoka, kikabaki Kirundi tu. Nilikimbia Kibondo kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Niliporudi, alikuwa amekata roho, kichwa mapajani mwa Akimana. Nikapiga yowe: mama yangu kafa bila kuniachia neno!

"Ameliacha," Akimana akasema. Akanipa maneno ya bibi yake, moja baada ya jingine, kwa Kirundi safi. La mwisho lilikuwa langu: "Mwambie mama yako, kile kibao nimeshamsamehe."

Daktari alikuja mazikoni. Nilikuwa nimepanga kumwambia mengi, mimi mwenye mdomo. Nilimshika mkono, machozi yananitiririka, nikapata neno moja tu.

"Banikha," nikamwambia.