Beringi Mbovu za Kalinga

Ijumaa moja ya mwaka 1956, dereva Isakwisa alifika kwa Atuganile pale Uyole na beringi ya gurudumu la nyuma, mpya, ndani ya boksi lake. Atuganile aliacha kupepeta maharage. Aliosha grisi kwa mafuta ya taa, akaitia beringi vidoleni na kuizungusha karibu na sikio. Beringi nzima huzunguka kimya. Hii ilimsalimu, "Ugonile, mke wangu. Kuku umewafungia?"

"Mbovu," Atuganile alisema. "Kuukuu imesuguliwa."

"Mzee hajambo?"

"Hajambo. Bado anauliza kuku."

Mzee huyo, Andendekisye, mumewe Atuganile, alikufa njia ya Iringa, gurudumu lilipochomoka na lori la mpunga wa Ubaruku likapinduka. Beringi ya gurudumu hilo ilitoka dukani kwa Kalinga, ambaye alikusanya zilizochakaa, akazing'arisha na kuzifunga kwenye maboksi mapya. Tangu hapo marehemu alisema ndani ya kila beringi mbovu ya Kalinga, na nzima hakuigusa. Madereva waliona ni msaada mkubwa. Hata mchungaji alileta ya gari la misheni.

Mali ya Kalinga ikadoda, naye kwa shingo upande akaanza kuuza nzima. Atuganile alizungusha moja baada ya nyingine, zote kimya. Alipaswa kushukuru. Badala yake alimtamani mumewe hadi chakula kikamshinda, na kuku akawa anawafungia mapema, asije akaulizwa wakiwa nje.

Mwishowe alibeba kikapu cha maharage, akaenda dukani.

"Zile za zamani umezitupa?"

"Zipo chini ya meza, shemeji," Kalinga alijibu.

Atuganile alizungusha moja papo hapo. Andendekisye alimsalimu mkewe, kisha akamsalimu na mwenye duka.

"Salama, ndugu yangu," Kalinga alisema, akimimina maharage guniani. "Shemeji, utahitaji nyingine?"

Atuganile alijiambia anazichukua ili zisiue mtu mwingine, na nusu yake ilikuwa kweli. Wahenga husema kizuri chajiuza, lakini kwa Kalinga sasa kibaya ndicho kilichojiuza. Kalinga alisugua nyingi kuliko maharage ya mjane yalivyoweza kuzikomboa. Zilizobaki aliwauzia madereva wa mbali, wasiomjua Atuganile.

Jioni moja lori geni lilipita Uyole, abiria wamekaa juu ya magunia. Gurudumu la nyuma likauliza, "Kuku umewafungia?"

Atuganile alisimama kando ya barabara. "Nimewafungia, mume wangu," akajibu, akatega sikio apate na neno la pili. Ndipo akakumbuka kuinua mkono kulisimamisha.

Dereva alidhani anaagwa. Akapiga honi, akakanyaga mafuta kuelekea Chimala.