Fomu ya Kulinganisha Vioo

Jumanne, saa sita kasoro dakika kumi, Zilpah alitoa meza ya ofisi ya Homa Bay na kuiweka barazani, akaifuta vumbi kwa pembe ya leso, kisha akapanga juu yake vitu vinne: simu ya zamani ya batani, simu mpya ya kioo, kalamu ya buluu, na fomu ya kurasa mbili kutoka makao makuu ya Migori. Fomu iliitwa Fomu ya Kulinganisha Vioo. Ilimtaka kila katibu wa tawi asome barua pepe ileile kwenye vifaa vyote viwili, ndani ya nyumba na juani, kisha aandike ni kipi kinachosomeka zaidi. Ijumaa Bonface wa kompyuta angekuja kuchukua fomu na vifaa vya zamani.

Shirika lilikuwa la kuchimba visima. Zile simu za batani liliwagawia wafanyakazi mwaka 2009, na siku hizo ukionekana nayo mjini watu walikusalimia mara mbili. Zilpah aliipenda yake bila aibu. Herufi zilikuwa zimefutika kwenye vitufe karibu vyote, naye alijua kila kimoja kwa dole gumba. Taa yake ya ndani ilikufa Februari 2012, kwa hiyo tangu hapo kuisoma ilikuwa lazima mtu atoke nje.

Barua za Oyaro zilikuwa bado zinaingia humo, mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa kumi jioni, nyakati za chai. Oyaro alikuwa fundi wa kupima maji katika ofisi ya Migori. Aliacha kazi mwaka 2014, barua zikakatika. Alifariki mwaka 2017, na Jumatatu iliyofuata mazishi barua ya saa nne ikaja kama zamani, ikisema Migori mvua imeanza na chai ya leo ina tangawizi. Mwaka 2019 kampuni ya simu ikaacha kuhudumia vifaa vya aina ile, lakini barua hazikuacha. Kama Migori kulikuwa na mvua, kioo kililowa barua ilipofika, Zilpah akakipangusa. Jumamosi hazikuja. Oyaro alikuwa Msabato, na kifo hakikuwa kimemfundisha kufanya kazi Sabato.

Wakati ule Zilpah alimwarifu meneja wa tawi. Meneja alisema aiweke kwenye ripoti ya robo mwaka, naye akaiweka.

Alianza na swali la kwanza. Ndani ya ofisi, simu mpya iling'aa vizuri, maneno makubwa, meusi, yaliyonyooka. Ya zamani ilikuwa kijivu juu ya kijivu, ukikaza macho unaambulia mstari wa kwanza tu. Akaandika: "Ndani: mpya." Akatoka barazani, jua likiwa utosini, akazishika zote mbili mkononi. Simu mpya ikawa nyeusi ti. Alichokiona ndani yake ni uso wake mwenyewe na kitambaa chake cha kichwa. Lakini ya zamani, kadiri jua lilivyowaka ndivyo maneno yalivyosimama. Akaandika: "Juani: ya zamani, kwa mbali sana."

Fomu iliuliza kama barua ndefu inasomeka hadi mwisho. Zilpah, ambaye hakuwahi kujaza fomu nusunusu maishani mwake, akaanza kuteremka kwa kile kigurudumu kidogo cha katikati. Jua la Homa Bay siku hiyo lilikuwa kali kweli, bati la ofisi likilia lenyewe. Chini ya barua za mwaka huu zilikuwapo za mwaka jana, na chini yake za nyuma zaidi, hata zile ambazo kifaa kilikuwa kimezifagia chenyewe zamani, maana ofisi ilikuwa na kanuni ya kufuta kila barua iliyotimiza siku tisini. Zote zilikuwa zimerudi. Alisoma juu ya harusi ya mpwa wa Oyaro, juu ya baiskeli iliyoibwa na kurudishwa ikiwa imeoshwa. Alicheka peke yake. Alikuwa akikutana na yule mtu mara nne tu kwa mwaka, siku za mkutano, na bado hakuna aliyemjua kuliko yeye, ukimtoa mke wake.

Kisha akafika tarehe 17 Aprili 2012.

"Dada Zilpah, habari ya Homa Bay," iliandikwa. "Matokeo ya Namba Saba yamerudi. Maji yale watoto wasiyanywe. Yana madini yatakayowaharibu meno, na baadaye mifupa. Pampu ifungwe mpaka tuchimbe upande wa pili wa kilima. Chapisha hii, weka kwa faili, na umpe meneja mkononi. Mimi simpati. Mvua huku ni nyingi. Oyaro."

Chini yake palikuwa na jibu la Zilpah, la saa ileile: "Imeonekana, sawa."

Zilpah aliketi. Kioo kilikuwa kimelowa, akakipangusa, akasoma tena.

Namba Saba ni kisima kilicho nje kidogo ya Kisegi. Watoto waliokunywa maji yake waliota meno ya kahawia yenye mashimo, na wale wakubwa wao sasa ni vijana wanaocheka wakiwa wameziba midomo. Kule wanayaita meno ya Oyaro. Hii ni kwa sababu mwaka 2014 liliundwa jopo la watu watatu, likakaa Migori, likaamua kwamba fundi hakupima maji.

Wiki ile ya Aprili ilinyesha siku tatu mfululizo, Zilpah alikumbuka vizuri. Taa ya kifaa ilikuwa imekufa na nje hakukutokeka. Ndani aliambulia "Dada Zilpah, habari ya Homa Bay," na kwa kuwa barua zote za Oyaro zilianza hivyo, akadhani ni salamu na chai. Utaratibu wa ofisi ulikuwa barua ijibiwe siku hiyohiyo kwa neno "Imeonekana," hata kama kazi yenyewe itafanywa mwezi ujao. Basi akajibu. Jua lilipotoka Ijumaa, barua nyingine kumi na moja zilikuwa zimeketi juu ya ile.

Mbele ya jopo alishika Biblia, akaulizwa kama aliwahi kupokea barua yoyote kuhusu Namba Saba. Akasema hapana, na moyo wake ulikuwa safi. Oyaro, upande wa pili wa meza, alimtazama. Kisha akasema, "Kama Dada Zilpah anasema haikufika, basi haikufika." Akaweka simu yake na funguo mezani, akaenda Oyugis kuuza ndizi na mke wake. Katika barua zake zote za baada ya kufa hakuligusa jambo hilo hata mara moja, na hapo barazani, kwa mara ya kwanza, Zilpah aliona uchungu wa kutoguswa kwake. Alilia kidogo, akajikaza kisabuni, akajaza swali la tano: "Ndiyo, inasomeka hadi mwisho."

Jioni hiyo alimpigia simu Nyasuguta, mjane wa Oyaro. Alhamisi saa tatu Nyasuguta akafika kutoka Oyugis akiwa na mfuko wa ndizi, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuja mikono mitupu hata kwa jambo kama hilo. Zilpah alimketisha barazani, akamweleza yote bila kupunguza, hata neno lake mwenyewe. Jua lilikuwa bado changa, wakangoja lipande. Maneno yalipotokeza, Nyasuguta alisoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"Kumbe aliandika," alisema.

"Aliandika."

"Na wewe ulisema hapana."

"Nilisema hapana, Mama Sheila. Sikuwa nimeisoma. Naomba unisamehe."

Nyasuguta aliuvuta mfuko wa ndizi. Alimenya ndizi moja, akaikata katikati, akampa Zilpah nusu. "Miaka nane nauza Oyugis," alisema. "Kuna mama wa Kisegi hununua kwangu kila wiki. Siku alijua mimi ni bibi ya nani, alirudisha ndizi kwa meza. Hakunitusi. Alirudisha tu."

Saa nne ikafika na kifaa kikatetemeka mezani. Matone yakatokea juu ya kioo. Nyasuguta aliipokea barua mwenyewe, akaipangusa kwa kiganja. Ilisema Migori kunanyesha tangu alfajiri, kwamba chai leo haina sukari kwa sababu aliyetumwa dukani hajarudi, na kwamba ameona ndizi nzuri njiani akakumbuka nyumbani. Aliisoma mara tatu.

"Mimi haniandikii," alisema.

"Hana namba yako. Hizi ziliunganishwa ofisi kwa ofisi."

"Basi nipe niende nayo."

"Iko na namba ya mali ya shirika. Kesho Bonface ataiulizia."

"Hata Oyaro alikuwa wa shirika," Nyasuguta alisema, "na hakuna mtu anamuulizia."

Zilpah alikuwa na miaka thelathini kazini na hakuwahi kupoteza hata stepla. Alikishika kifaa, akakigeuza, akaitazama ile namba iliyochorwa nyuma kwa rangi nyeupe. Alikirudisha mezani. "Nitaandika kwa fomu," alisema. "Nitaandika kila kitu. Wakisoma, wataisafisha jina yake na watafunga pampu." Aliamini hivyo kabisa. Nyasuguta alisema sawa, akaomba angoje ya saa kumi, akangoja, akaisoma, akaenda zake.

Usiku haukuhitajika. Zilpah alikuwa ameshaandika kabla jua halijazama. Sehemu ya "Maoni mengine" ilikuwa na mistari mitatu. Aliimaliza, akageuza karatasi, akaijaza yote nyuma. Alinakili barua ya Oyaro neno kwa neno. Alinakili na jibu lake. Aliandika kwamba yeye, katibu, aliapa kwa makosa, kwamba fundi alipima na alionya, na kwamba Namba Saba ifungwe leo. Akatia sahihi na muhuri.

Ijumaa Bonface alikuja kwa pikipiki, kijana mpole mwenye begi jeusi. Alipokea fomu, akaisoma yote, mbele na nyuma, akiwa amesimama. Kisha akaomba aione hiyo barua. Zilpah akampeleka juani.

"Madam, inasomeka poa sana," Bonface alisema. "Hizi za kitambo ziko hivyo. Ya tawi la Isebania huingiza barua za kesho. Waliandika tu kwa ripoti."

"Basi utawaambia huko Migori."

Bonface alijikuna shingo. "Shida ni, mwisho wa kuhifadhi ni siku tisini. Ikipita siku tisini, hiyo barua haiko."

"Na si unaiona?"

"Naiona, Mama. Lakini haiko."

Alisema hivyo kwa huruma, na Zilpah hakuweza kumkasirikia. Alimuuliza vifaa vinapelekwa wapi. Bonface akasema kuna stoo nyuma ya makao makuu, mahali pakavu, pana kufuli mbili, hapana dirisha. Akakifunga kifaa ndani ya bahasha, akaandika namba ya mali juu yake, akampa Zilpah karatasi ya kupokea. Begi lilianza kudondosha maji kabla hajawasha pikipiki. Alilitingisha, akalifunga vizuri, akaondoka.

Jumatatu simu mpya ililia mara mbili. Zilpah alikuwa barazani kwa mazoea, akaitazama, akajiona mwenyewe. Akaingia ndani, penye kivuli, na humo ikasomeka vizuri kabisa.

Barua ya kwanza ilitoka kwa mkuu wa shirika, ikijibu fomu yake. Ilisema: "Imeonekana, sawa."

Ya pili ilikuwa orodha ya matengenezo ya mwezi. Namba Saba, Kisegi, ingepewa mpini mpya wa pampu, kwa kuwa wa zamani umeliwa na mikono ya watoto. Zilpah alisoma zote mbili hadi mwisho. Fomu iliwahi kuuliza kama macho huchoka baada ya kusoma. Yake hayakuchoka. Utaratibu ulikuwa barua ijibiwe siku hiyohiyo. Aliandika "Namba Saba ifungwe," akatuma, na baada ya dakika moja akajibiwa kwamba imeonekana.

Saa nne ilipotimia mvua ilinyesha juu ya meza ya barazani, mahali kifaa kilipokuwa kikikaa, kipande cha ukubwa wa kiganja. Kwingine kote kulikuwa kukavu na jua linawaka. Ilinyesha kama dakika tano, muda wa kusoma barua isiyo ndefu, ikakatika. Saa kumi ikanyesha tena. Zilpah akaleta bakuli la bati.

Alhamisi Nyasuguta alikuja na ndizi, na chupa ya soda iliyooshwa. Zilpah alikuwa amemwambia kwa simu. Waliketi pande mbili za meza, bakuli katikati, na saa nne mvua ikaanza.

"Leo anasema nini?" Nyasuguta aliuliza.

Zilpah aliinama juu ya bakuli. Matone yalianguka, yakafanya duara, duara zikafutana. "Kioo ndicho kilikuwa kinaonyesha," alisema. "Hii haisomeki."

Nyasuguta alichovya kidole, akakiweka mdomoni. "Ni ya Migori," alisema. "Iko baridi." Mvua ilipokatika aliinua bakuli, akamimina maji kwenye chupa bila kumwaga hata tone. Hayakufika nusu. Alisema yule mama wa Kisegi atapita kwake Jumapili, ana mtoto wa miaka miwili ambaye meno ndiyo yanatoka, naye Nyasuguta atampa maji hayo. Kama hatayarudisha mezani.

"Mwambie yametoka kwa nani," Zilpah alisema.

"Nikimwambia hatachukua."

Zilpah alimsogezea kifuniko. Nyasuguta alifunga chupa, akaisimamisha kivulini, akalirudisha bakuli mahali pake.

"Kesho kutwa ni Sabato," alisema, "usihangaike kuliweka, hatanyesha." Kisha akasogeza kiti chake ukutani, Zilpah akasogeza chake, wakangoja ya saa kumi.