Maji ya Mlangoni

Placida alikuwa mwanamke jasiri katika mambo mengi. Aliwahi kumfokea mwenye nyumba wake kwa Kifaransa, na mtu yule, Mwingereza asiyejua hata neno moja, akaja mwenyewe siku hiyohiyo kutengeneza hita. Lakini Jumamosi ile, sikukuu ya Mtakatifu Barbara, alijificha jikoni kwake Barking kama mtoto aliyevunja sahani, akikoroga sombe, kisamvu cha kwao, iliyokuwa imeiva tangu asubuhi.

Sebuleni walijaa watu wa Kilubo. Kilubo ni parokia ya mashambani kule Katanga, ambako misa husomwa kwa Kifaransa, ugomvi huendeshwa kwa Kiswahili, na kila kitu, kuanzia majani ya migomba hadi kope za wanaume, hufunikwa na vumbi jeupe la machimbo ya mawe ya chokaa. Mtakatifu Barbara ndiye msimamizi wa wachimba mawe, na wana Kilubo waliotupwa London na maisha hawaiachi sikukuu yake ipite hivihivi. Mwaka huo zamu ya kupika ilikuwa ya Placida.

Aliyekuwa akikimbiwa ni Leonard. Naye ni wa Kilubo, amefiwa na mke, na London anafanya kazi ya kupiga plasta. Tangu Kwaresima alikuwa amemwomba Placida waoane, kisha akasubiri kwa upole wa kuudhi. Jumapili iliyotangulia alimsindikiza hadi kituo cha basi, akamwambia maneno ambayo Placida hakuyapenda hata kidogo, maana yalikuwa ya haki.

"Mama Placida, mutoto wangu wa Glasgow ananiita nikaishi kwake. Miye sitakuuliza tena. Siku ya Barbara nitapiga hodi kwako. Kama unanitaka, unipokee kikwetu. Kama haunitaki, nitakula bukari yako, nitashukuru, na nitaenda zangu Glasgow. Sitakasirika."

Bukari, yaani ugali, huliwa na mgeni yeyote. Kupokewa kikwetu ni jambo moja tu. Kilubo, mwanamume akirudi kutoka machimboni hasalimiwi wala haingii ndani mpaka anawishwe mlangoni, mikono kwanza, kisha uso. Anayemnawisha ni mkewe, au mama yake, au msichana aliyekubali kuolewa naye. Mwingine hamgusi. Wanawake wengi wa kule hawakuwahi kutamka kwamba wamekubali posa. Walichukua beseni, basi, na kijiji kizima kikajua.

Tusizunguke: Placida alimpenda Leonard. Alipenda alivyoimba vibaya kwenye misa bila aibu, na alivyomwuliza habari za magoti yake kana kwamba magoti hayo ni ndugu zao wote wawili. Lakini mumewe wa kwanza, Faustine, aliangukiwa na mawe machimboni, wakamleta nyumbani akiwa amelazwa juu ya ubao, na Placida akamnawisha mlangoni kwa mara ya mwisho. Tangu siku ile mikono yake ilikataa. Haikutaka kushika uso wa mwanamume mwingine.

Kengele ikalia.

"Serah!" Placida aliita bila kutoka jikoni. "Fungua mulango. Upokee mugeni."

Hapo ndipo alipokosea, na alijua anakosea. Serah ni binti yake, nesi, amekulia London. Anaelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Kilubo aliijua kwa picha tu. Akaenda kufungua, mchangamfu kama kawaida yake.

Leonard alikuwa ametoka moja kwa moja kazini Southall, mweupe kwa vumbi la plasta kuanzia kofia hadi viatu. Kule kazini bomba lilikuwepo na sabuni ilikuwepo, hakunawa makusudi. Kwenye treni hadi Ilford, na kwenye basi la kuja Barking, watu walimkwepa asiwachafue. Alipoona aliyefungua mlango ni Serah, alitazama juu ya bega la msichana, akatafuta, asimwone aliyemtafuta.

"Tonton Leonard, look at you!" Serah alisema akicheka, akimwita mjomba kwa Kifaransa kama alivyozoea. Alifikiria zulia jipya la mama yake. Tena mama yake huyohuyo alimfundisha tangu utotoni kwamba mgeni akifika chakulani, anaoshwa mikono. Akakimbia bafuni, akarudi na beseni, jagi na taulo.

"Hapana, mwanangu," Leonard alisema, akificha mikono nyuma. "Wacha. Si weye."

"It's only water, Tonton."

Akaivuta mikono yake kwa nguvu za kinesi, akaimwagia maji, akaisugua vizuri.

Mama Generosa, kiongozi wa wanawake wa Kilubo, alikuwa amekaa akiutazama mlango. Aliona beseni, akaona mikono ya Leonard majini, na kabla macho yake hayajapanda kumwona anayemnawisha ni nani, kigelegele kikamtoka. Kikakatikia katikati. Wanaume wawili wakaanza kucheka kwa pua, na mtu mmoja akauliza kama mahari italipwa kwa pauni.

"What? What did I do?" Serah aliuliza.

"Haujafanya kitu, mwanangu," Leonard alisema, akajifuta mikono taratibu na kukunja taulo vizuri. "Ni maji tu. Muniwie razi, bandugu. Nimekumbuka safari ya Glasgow, sijafunga mizigo."

Aliyesema atakula bukari na kushukuru hakuweza hata kuvuka kizingiti. Akageuka, akashuka ngazi.

Jikoni, Placida alisikia kila kitu. Alimsikia Generosa akisema kwa sauti iliyokusudiwa kufika jikoni, "Kumutuma mutoto! Mwanaume wa watu!" Alisikia pia viatu vya Leonard ngazini, vizito, visivyo na haraka, na akajua kwamba viatu hivyo vikishafika chini atabaki na sombe yake na woga wake hadi kufa. Akajionea hasira. Akaenda mlangoni, akavuta jagi lililobaki na maji mikononi mwa Serah na kutoka na aproni yake, bila koti, kwenye baridi ya Desemba.

Alimkuta kituoni, kati ya mabibi wawili wenye mifuko ya soko na kijana mwenye baiskeli.

"Papa Leonard."

"Rudi ndani, mama. Utashikwa na baridi. Nimeshaelewa."

"Haujaelewa kitu. Miye ni mwoga, njo vile tu. Nilimutuma mutoto juu ya woga. Alikunawisha mikono tu. Uso ungali na vumbi, na uso si wa Serah."

Leonard alimtazama. Basi likaja, likafungua milango, likafunga, likaondoka. Wale mabibi hawakupanda. Mambo kama haya hayaonekani Barking kila siku.

"Unatetemeka," Leonard alisema.

"Natetemeka. Inama."

Akainama, mwanamume mzima, kofia mkononi. Placida akamimina maji kiganjani na kuanza na paji la uso, kama alivyofundishwa na mama yake. Hapo hofu yote ikamrudia. Alimkumbuka Faustine juu ya ubao: kadiri uso ule ulivyosafika ndivyo ulivyozidi kuwa baridi, na yeye akaendelea kusugua, akaendelea, kwa sababu hakujua afanye nini tena. Alitaka kukimbia. Akafumba macho, akapitisha kiganja shavuni kwa Leonard, akaondoa plasta, akasubiri ule ubaridi.

Haukuja. Maji yalikuwa baridi, upepo ulikuwa baridi, lakini chini ya kiganja chake shavu lilikuwa na joto, nalo likazidi kupata joto, na pumzi ya Leonard ikamgonga kifundo cha mkono, ikaenda, ikarudi. Placida akafumbua macho. Vumbi lilikuwa limekwisha kitambo, naye bado alikuwa ameushika ule uso, akilia mbele za watu bila kujali.

"Nimetakata?" Leonard aliuliza.

"Bado," alisema Placida. "Tulia."