Nungunungu Aliyegeuzwa Kijana

Recho alikuwa amechoka hata kabla filamu haijaanza. Kumvalisha baba yake viatu ni kazi ya asubuhi nzima: akivishwa cha kulia anavua cha kushoto, na ukimkaripia anakuomba radhi kwa adabu, kama mgeni. Hiyo adabu ndiyo iliyomchosha Recho kuliko viatu vyenyewe. Tangu ugonjwa wa kusahau umkamate, Mzee Augustine humwita binti yake "dada", kama mtu anayeagiza soda.

Leo, hata hivyo, Recho alikuwa na matumaini. Kitabu walichokipenda yeye na baba yake, Mlango wa Kichuguu, kilikuwa kimetengenezewa filamu huko kwa Wazungu, na kibanda umiza cha Sebastian, ukumbi wa video wa mtaani hapo hapo Segerea, kilikuwa kinaionyesha, imeshaingizwa sauti ya Kiswahili na DJ. Kitabu chenyewe kiliandikwa kwa Kiswahili! Yaani kimepelekwa Ulaya kizima, kimerudi mtumba.

Recho alipokuwa mdogo, baba yake alikuwa fundi wa vinyago. Akirudi kazini, vumbi la mpingo bado limemjaa kwenye nyusi, huketi barazani na kumsomea kitabu hicho. Waliyempenda zaidi alikuwa nungunungu mzee mwenye magoti mabovu, anayempeleka binti mmoja katika mji wa mchwa huku akinung'unika njia nzima. Augustine alimwigiza kwa sauti ya puani, na Recho alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Sasa alijiambia kwamba baba akimwona nungunungu, pengine na jina la binti yake litamrudia. Alitaka aitwe Recho, basi, hata mara moja.

Wakakaa kwenye benchi la katikati, joto limewakaba, feni inapiga kelele bila kuleta upepo. Filamu ikaanza. Mji wa mchwa ulikuwa unang'aa kama duka la simu. Recho akamsubiri nungunungu, akasubiri tena. Badala yake akatokea kijana mwenye kifua wazi, juu ya farasi. Farasi, ndani ya kichuguu!

"Oyaa wanangu, steringi ndo huyo kaingia!" sauti ya DJ ikapaa kwenye filamu. "Mtoto wa kike kalegea mwenyewe!"

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Recho akahisi uchungu wa mtu aliyeibiwa kitu ambacho polisi hawatakielewa. Alitamani kukasirika, ila nguvu za kukasirika hakuwa nazo. Akaanza kutafuta mkoba wake waondoke.

Ndipo mzee aliposimama na fimbo yake. "Siyo hivyo!" akafoka. "Farasi wa nini? Ni nungunungu! Anasema..." Na sauti ikamtoka puani, ile ile ya barazani: "'Taratibu, binti, magoti haya si yangu, nimeazima!'"

"Shikamoo mzee," kijana mmoja akaita kutoka nyuma, "ila kaa basi, sie tunaona mgongo wako tu!"

Watu wakacheka. Recho akamshika baba yake mkono akamtoa nje. Mzee hakunyamaza. Pale pale kando ya mlango, juani, akaisimulia safari yote ya nungunungu: namna alivyokwama mlangoni kwa ajili ya miiba yake, namna alivyomwazima binti mwiba mmoja unaong'aa uwe taa yake, namna alivyodai arudishiwe. Hakuruka kitu. Recho alicheka huku machozi yanamtoka, akimtazama mdomoni, akisubiri jina lake.

Mzee alipomaliza akatazama huku na huku, kisha akamsogelea.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "mie nina binti yangu, anaitwa Recho. Kitabu hiki anakipenda kweli, huwa namsomeaga jioni. Akisikia kuna sinema yake atakuja mbio. Nakuomba sana, usimwambie. Ataumia yule mtoto."

Kamba ya kiatu cha kushoto cha mzee ilikuwa imefunguka tena; Recho akainama kuifunga, akakawia huko chini.

"Sitamwambia, mzee," akasema.

"Ahsante, dada," Augustine akajibu kwa adabu, akampa mkono amshike waende.